Woody wa Mara Moja

William Powell aliambiwa achukue chombo cha kutikisia kokteli, apite nyuma ya kaunta ya baa na kuyapitia maneno yake kwa utulivu. Hakuna kinachopigwa bado, aliambiwa. Mafundi wa taa na wa sauti wanataka kupima vyombo vyao tu. Powell akatii. Akatembea, akatikisa, akawaeleza wahudumu wa baa kwamba kila kinywaji kina dansi yake na lazima kitikiswe kwa mdundo wa dansi hiyo, akachomeka na vijimaneno vyake mwenyewe, maana mtu anayeamini kuwa hatazamwi hajibani. Ghafla sauti ikatoka nyuma ya kamera: imetosha, tusonge mbele. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote.

Tukio hilo limo katika The Thin Man, filamu ya mwaka 1934, na ndani yake tunamwona Powell kwa mara ya kwanza. Aliyemtega hivyo ni Woodbridge Strong Van Dyke, ambaye kwenye mabango ya filamu aliandikwa W. S. Van Dyke na kazini aliitwa Woody. Hollywood ilimpa jina la utani: Woody wa Mara Moja. Alipiga tukio mara moja, akahamisha kamera, akaendelea. Si wote waliomwita hivyo walimtakia mema. Wapo waliomaanisha kuwa ni mlipuaji wa kazi, mtu anayeangalia saa badala ya kuangalia waigizaji. Mimi nataka kumsifu kwa jina hilohilo, kwa sababu naamini kasi yake ilikuwa namna ya kumwangalia mwigizaji, tena kwa makini kuliko waongozaji wengi waliosifiwa kwa uvumilivu wao.

Historia ya sinema inawapenda waongozaji waliogombana na wenye fedha. Erich von Stroheim alitengeneza filamu yake Greed, ya mwaka 1924, ikiwa kwanza na urefu wa zaidi ya saa saba. Wakubwa wa Metro-Goldwyn-Mayer (MGM) wakamnyang'anya, wakaikata hadi ikabaki saa mbili na ushei, na vipande vilivyoondolewa vikapotea. Kisa hicho kinauma, na kinastahili kusimuliwa tena na tena. Lakini katika studio hiyohiyo, chini ya wakubwa haohao, alikuwapo mtu ambaye mkasi wa wengine ulipata taabu kuzigusa filamu zake. Hakuacha mabaki ya kuchezea. Huyo hasimuliwi sana.

Van Dyke alizaliwa San Diego, California, tarehe 21 Machi 1889. Baba yake alikuwa jaji na alifariki wakati mtoto ndiyo kwanza amezaliwa. Mama yake, Laura Winston, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, naye akarudi jukwaani kutafuta riziki na kumlea mwanawe safarini. Mtoto akaanza kuigiza akiwa mdogo sana. Ukikulia kwenye kikundi cha maigizo kinachohama mji hadi mji, unajifunza mapema kuwa pazia likifunguka hakuna kurudi nyuma. Mwenzako akisahau maneno unamwokoa palepale. Mlango wa mandhari ukigoma kufunguka unaingilia kwingine. Baadaye alifanya kazi za mikono, migodini na kwenye misitu ya mbao, kisha akaangukia kwa D. W. Griffith kama mmoja wa wasaidizi wake wengi katika Intolerance, filamu kubwa ya mwaka 1916 ambayo kwa ajili yake kuta za Babeli zilijengwa katikati ya Los Angeles. Kazi ya msaidizi pale ilikuwa kuhakikisha umati wa watu wenye ndevu za bandia unasogea kwa wakati mmoja. Ukichelewa jua linashuka, na watu wale wote watalipwa tena kesho.

Mwaka uliofuata, 1917, alikuwa mwongozaji kamili katika kampuni ya Essanay, na filamu yake ya kwanza iliitwa The Land of Long Shadows. Halafu ikaja miaka ya filamu za mfululizo, zile zilizoonyeshwa kipande kwa kipande kila juma, mojawapo ikiwa Daredevil Jack ya 1920 iliyomchezesha bondia Jack Dempsey. Halafu filamu za wachunga ng'ombe, nyingi mno: kwanza akiwa na Buck Jones, kisha akiwa na Tim McCoy huko MGM. Sina haja ya kuzitetea moja moja. Ziliendeshwa kwa bajeti ndogo na ratiba kali, nyingi zimesahauliwa, na baadhi hazipo tena. Lakini humo ndimo alimojifunza kazi. Mwigizaji wako ni bondia asiyejua kuigiza, farasi wako ana hasira, jua linazama saa kumi na mbili, na juma lijalo kipande kingine lazima kiwe kwenye majumba ya sinema. Hapo unagundua ni vitu gani filamu inavihitaji kwelikweli, na ni vingapi inaweza kuishi bila kuvipata.

Niseme sasa alichokuwa anakifanya hasa, kwa kuwa neno kasi peke yake halielezi chochote.

Chukua tukio la kawaida: mume na mke wamekaa mezani, wanazungumza kwa dakika tatu. Utaratibu uliozoeleka studio ulikuwa kulipiga tukio zima kutoka mbali, meza yote ionekane. Kisha kulirudia lote kamera ikiwa karibu zaidi. Kisha kulirudia lote kamera ikiwa kwenye uso wa mume tu, kisha kwenye uso wa mke tu, pengine na mikono na vikombe pia. Kila mkao wa kamera unahitaji taa zipangwe upya, na kila mkao hupigwa mara tatu, tano, kumi, hadi kila mtu aridhike. Mwisho wa siku mhariri anapokea lundo la mikanda na kuanza kutafuta filamu iko wapi ndani yake. Mwigizaji naye ameshayatamka maneno yaleyale mara thelathini. Kicheko kilichokuwa hai asubuhi kimekuwa kazi ya misuli ya uso.

Van Dyke alifika asubuhi akiwa ameshaihariri filamu kichwani. Alijua kwamba mke atakapoweka kikombe mezani yeye atataka kuuona uso wake. Basi alipiga kutoka mbali hadi kikombe kinapogusa meza, akasema basi. Akasogeza kamera, akapiga uso wa mke kwa sentensi mbili alizozihitaji, akasema basi. Sentensi ya tatu ilikuwa ya mume, na kamera ilikuwa tayari inaelekea kwake. Yale mengine yote, uso wa mke akisikiliza, meza ikionekana kutoka mbali tangu mwanzo hadi mwisho, hayakupigwa kabisa. Alikata kama fundi cherehani mzee anayekipima kitambaa kwa jicho, akapitisha mkasi mara moja, na chini ya meza pasibaki hata kiraka.

Hatari yake iko wazi. Ukikosea, huna cha kukuokoa. Hakuna mkanda wa akiba, hakuna pembe nyingine ya kuficha kosa. Inahitaji kumbukumbu kali, kwa sababu ni lazima ubebe kichwani mwendo wa mkono wa mwigizaji kutoka kipande kimoja hadi kingine. Inahitaji mpigapicha anayeelewa haraka, na katika miaka yake mizuri Van Dyke alikuwa na watu kama James Wong Howe, fundi wa mwanga ambaye taa chache zilimtosha. Zaidi ya yote inahitaji mtu aliyekwisha kuamua. Mwongozaji anayepiga kila pembe mara nyingi anaahirisha uamuzi; anaununua muda wa kufikiri kwa jasho la waigizaji. Van Dyke alifikiri usiku, kwa gharama yake mwenyewe, na mchana akawapa waigizaji kitu ambacho studio kubwa huwapa kwa nadra: nafasi ya kusema neno likiwa bado lina joto.

Uwezo huo uliwafanya wakubwa wa MGM wamtume mbali. Mwaka 1927 waliunda safari ya Tahiti kutengeneza White Shadows in the South Seas, na mwenye sifa katika msafara huo alikuwa Robert Flaherty, yule wa Nanook of the North. Flaherty alikuwa mtu wa kukaa na watu, kutazama, kungoja mahali pamfungukie. Ukuu wake haupingiki. Lakini alikuwa amefungwa kwenye mashine ya studio isiyojua kungoja, akajitoa, na Van Dyke akaimaliza filamu. Ilitoka mwaka 1928, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo watazamaji waliusikia mngurumo wa simba wa MGM. Mpigapicha wake, Clyde De Vinna, akapata tuzo ya Oscar.

Mwaka 1929 wakamtuma Afrika Mashariki.

Filamu ilikuwa Trader Horn, kutokana na kitabu cha kumbukumbu za mfanyabiashara mzee wa pembe za ndovu aliyejiita Aloysius Horn. Msafara uliingilia Mombasa, ukapanda reli hadi Nairobi, ukaendelea Uganda. Walipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na kazi kubwa waliifanya Maporomoko ya Murchison, ambayo miongo baadaye yaliitwa pia Kabalega, pale Mto Nile unapojibana kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi kisha kuporomoka kwa nguvu zake zote. Mapema katika karne hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wa eneo lile kwa sababu ya malale. Yaani msafara wa Hollywood ulitafuta Afrika ya porini, isiyo na watu, ukaikuta mahali ambapo watu walikuwa wameondolewa.

De Vinna, ambaye alipenda sana mambo ya redio, alibeba mtambo wa mawimbi mafupi, na kupitia kwake kambi ile ya mbali iliweza kuwasiliana na Nairobi. Hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka: mpigapicha bingwa, baada ya siku nzima kwenye jua la Nile, amekaa usiku akigonga ishara zake. Lakini mambo mengine yote yalikwenda kombo. Sauti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye sinema, na studio ikaamua katikati ya safari kuwa filamu lazima iongee, ikatuma mitambo ya kunasa sauti. Watu waliugua. Edwina Booth, mwigizaji kijana aliyewekwa porini karibu bila nguo ili aonekane kama mungu mke mweupe wa watu weusi, alirudi Marekani na maradhi yaliyomwandama kwa miaka. Akaishtaki studio, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Hakuwahi tena kuwa nyota.

Simulizi za utengenezaji wa filamu hiyo hutaja pia Waafrika wawili waliopoteza maisha, mmoja akichukuliwa na mamba, mwingine akishambuliwa na kifaru, na husema kwamba shambulio la kifaru lilinaswa na kamera na likaachwa ndani ya filamu. Majina ya watu hao hayatajwi.

Hapa sifa zangu kwa Van Dyke zinagonga mwamba, nami sitaki kuuzunguka. Ufundi wake wote ulijengwa juu ya imani kwamba kinachotokea mara ya kwanza ndicho chenye uhai, na kwamba kamera lazima iwe inazunguka kinapotokea. Studioni, kati ya Powell na chombo chake cha kokteli, imani hiyo ni zawadi. Porini, kati ya mpagazi na kifaru, imani hiyohiyo inakigeuza kifo cha mtu kuwa bidhaa. Kamera haikujua tofauti. Watu waliokuwa nyuma yake walipaswa kujua, na waliporudi California, chumbani, mbali na hatari na wakiwa na muda wa kutosha kufikiri, walipaswa kujua zaidi.

Filamu yenyewe imejaa dharau za wakati wake. Waafrika humo ni umati wa kutisha au kundi la kupigia kelele, ila mmoja: Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, aliyechezwa na Mutia Omoolu. Hakuwa mwigizaji wa kazi. Alichukuliwa hukuhuku Afrika Mashariki, kisha yeye na mwenzake mmoja wakapelekwa hadi Culver City, California, kukamilisha matukio yaliyobaki, kwa sababu bila uso wake filamu isingeungana. Mtazame Mutia. Harry Carey, aliyecheza kama Horn, alikuwa mkongwe wa filamu za kimya, mtu aliyejua kusimama mbele ya kamera bila kufanya lolote la ziada. Na Mutia anasimama naye bega kwa bega, kwa utulivu uleule, pasipo jasho. Uamuzi wa kumwamini ulikuwa wa Van Dyke. Mwongozaji mwingine angempaka mwigizaji wa Marekani rangi nyeusi, jambo la kawaida siku zile, na kurudia tukio mara arobaini. Huyu alimweka mtu mwenyewe mbele ya kamera na kuchukua alichopewa.

Kwa hesabu za studio, safari ile ya mwongozaji mwepesi kuliko wote ikawa mojawapo ya kazi ghali na ndefu. Matukio mengine ya wanyama yalipigwa Mexico, na inaripotiwa kuwa simba walinyimwa chakula ili wapigane vizuri, aibu nyingine. Trader Horn ilitoka mwaka 1931, ikajaza majumba ya sinema na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Van Dyke akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mikanda iliyosalia haikutupwa. Mwaka 1932 alipotengeneza Tarzan the Ape Man, akiwa na muogeleaji Johnny Weissmuller na Maureen O'Sullivan, picha za Afrika alizokwisha kuzipiga zikapachikwa humo. Tarzan wake hakuhitaji kukanyaga bara hili, na kwa miaka mingi watu duniani waliitazama Uganda ya 1929 wakidhani ni msitu wa Tarzan.

Kazi ya mbali iliyopendeza kuliko zote, kwa macho yangu, ni Eskimo ya 1933. Alikwenda Teller, Alaska, akamweka mbele Ray Mala, ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa huko, akawaacha watu waseme lugha yao wenyewe na maandishi ya kutafsiri yaonekane kwenye skrini. Alicheza hata yeye mwenyewe humo, kama mkuu wa polisi. Na filamu hiyo, ya mwongozaji aliyehariri ndani ya kamera, ndiyo iliyompa Conrad Nervig Oscar ya kwanza kabisa ya uhariri. Nimelifikiria jambo hilo, nami sioni mgongano. Mhariri aliyeletewa vipande vilivyokwisha kuamuliwa anaweza kushughulika na mapigo ya filamu, badala ya kuhangaika kuitafuta.

Sasa turudi 1934, mwaka wake mkubwa. Zilitoka filamu tano zenye jina lake, na mbili kati ya hizo zilitoka mwezi mmoja, Mei.

Ya kwanza, Manhattan Melodrama, ndiyo ambayo jambazi John Dillinger alitoka kuitazama katika ukumbi wa Biograph, Chicago, usiku wa tarehe 22 Julai, akapigwa risasi nje. Magazeti yaliikumbuka kwa hilo. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine: humo William Powell na Myrna Loy walikutana. Loy alisimulia kuwa Van Dyke hakupata hata muda wa kuwatambulisha. Tukio lilimtaka atoke mbio usiku na kujitupa ndani ya gari ambamo Powell amekaa. Akajitupa, akaangukia mapajani mwa mtu asiyemfahamu, na mtu huyo, kwa adabu zake zote, akauliza kama ndiye Bi Loy. Van Dyke aliona kitu pale. Watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana walikuwa wanaongea kama mke na mume wa miaka kumi.

Akaenda kwa Louis B. Mayer, mkuu wa studio, kuwaombea filamu ya pili, kutokana na The Thin Man, riwaya ya Dashiell Hammett iliyokuwa imetoka mwaka huohuo. Mayer hakumtaka Loy. Studio ilikuwa imemzoea kama mwanamke wa hila, mara nyingi akipakwa rangi na kufanywa Mwasia, kama katika The Mask of Fu Manchu; kumfanya mke mchangamfu wa New York kulionekana kichekesho. Mwisho alikubali kwa sharti kwamba Loy awe amemaliza baada ya majuma matatu, akaanze filamu nyingine. Kwa mwongozaji mwingine yeyote sharti hilo lilikuwa namna ya heshima ya kusema hapana. Kwa Van Dyke lilikuwa ndiyo.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ufundi huu yote. Kasi ilimnunulia uhuru. Kwa kuwa hakuwa na gharama, aliweza kuthubutu. Kwa kuwa angemaliza kabla wakubwa hawajaanza kuuliza maswali, aliachiwa acheze na watu aliowataka, kwa namna aliyoitaka. Waandishi Frances Goodrich na Albert Hackett aliwaambia habari ya mauaji iwe kisingizio tu. Wampe mazungumzo ya Nick na mkewe Nora, yaani Powell na Loy. Na wakampa ndoa ambayo sinema ya Marekani haikuwahi kuionyesha: mke na mume wanaopendana, wanaotaniana, wasiojifanya kuwa ndoa ni kaburi la furaha. Filamu ikapigwa kwa muda usiofika majuma matatu.

Tazama Nora anavyoingia. Anavutwa na mbwa, mikono imejaa vifurushi vya Krismasi, anaanguka kifudifudi sakafuni mbele ya watu wote. Mwongozaji alimuuliza Loy kama anaweza kuanguka, akamwekea alama pa kuangukia. Loy aliwahi kuwa mchezadansi. Alijua mwili wake. Alianguka kwa heshima kamili na akasimama vilevile, na kuanzia hapo mtazamaji ni wake. Tazama asubuhi ya Krismasi, Powell amelala kwenye kochi na bunduki ya upepo akilenga mapambo ya mti, na uso wa Loy akimwangalia. Ule si uso wa mara ya kumi na tano.

Na tazama chakula cha jioni cha mwisho, washukiwa wote wamezunguka meza, kwa sababu tukio hilo nalo lina la kufundisha. Pale Van Dyke hakufanikiwa kwa mara moja. Powell alikuwa na maelezo marefu yaliyomchanganya, watu mezani ni wengi, kila mmoja ana wakati wake wa kushtuka. Likarudiwa na kurudiwa, na Loy alikumbuka jinsi chaza waliokuwa kwenye sahani, walewale, walivyochacha chini ya taa kali. Basi jina lake la utani halikuwa sheria. Alirudia pale tukio lilipodai, na akaacha kurudia pale ambapo kurudia kungeharibu. Kujua lipi ni lipi ndiyo kazi yenyewe.

The Thin Man iliteuliwa kuwania Oscar nne, mojawapo ya uongozaji. Mwaka 1936 alitoa filamu sita, na moja kati yake, San Francisco, ikampa uteuzi wa pili. Wengi wanaijua kwa tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906, kuta zikipasuka na barabara kufunguka. Hayo ni kazi ya mafundi wa mandhari maalumu zaidi kuliko yake. Sehemu yake yeye ni nyingine. Katika umati ule aliwatafutia nafasi watu wa enzi ya filamu za kimya ambao studio zilikuwa zimewasahau, wakapata malipo na mlo. Na mwalimu wake Griffith, ambaye miaka hiyo hakupewa tena filamu ya kuongoza, anatajwa kuwa alisaidia tukio mojawapo. Kasi haikumfanya awasahau waliomtangulia.

Haikufaa kila mahali, nalo hilo ni kweli. Marie Antoinette ya 1938 ilikuwa imeandaliwa kwa muda mrefu na Sidney Franklin. Mayer, akitaka kupunguza gharama, akamwondoa na kumweka Van Dyke. Norma Shearer alikuwa ameingoja nafasi ile kwa miaka. Katika dansi na karamu filamu inakimbia pale inapotakiwa kutulia, na kuna nyakati unamwona Shearer akitafuta pumzi ambayo ratiba haikumpa. Lakini humohumo yumo Robert Morley, Mwingereza asiyewahi kucheza filamu yoyote, akiwa Mfalme Louis wa Kumi na Sita, mnene, mwoga, mpole, na anavunja moyo. Mtu mgeni mbele ya kamera akiachwa acheze jambo mara moja, kwa ukweli, bila kufundishwa kujihofia. Morley na Shearer wote waliteuliwa kuwania Oscar. Kabla yao walikuwa Powell kwa The Thin Man na Spencer Tracy kwa San Francisco, na kwa Powell, Tracy na Morley huo ulikuwa uteuzi wao wa kwanza. Mlipuaji wa kazi haachi orodha ya namna hiyo.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Alikuwa na cheo cha meja katika askari wa akiba wa kikosi cha Marines, na vita vilipokuja alitamani kutumika, lakini saratani na moyo vilimzuia. Alikuwa mfuasi wa imani ya Christian Science na hakutaka tiba nyingi za hospitali. Filamu yake ya mwisho, Journey for Margaret ya 1942, ilimleta mbele ya watazamaji Margaret O'Brien, mtoto wa miaka mitano, akicheza kama yatima wa mabomu ya London. Aliiongoza akiwa mgonjwa. Alijitoa uhai nyumbani kwake, Los Angeles, tarehe 5 Februari 1943, akiwa na umri wa miaka 53.

Filamu za Nick na Nora ziliendelea bila yeye. Yeye alikuwa ameongoza nne. Mbili zilizobaki, za 1944 na 1947, waliongoza wengine. Powell ni yuleyule, Loy ni yuleyule, mbwa yupo, na waandishi wanajua mizaha inayotarajiwa. Hazichukizi. Lakini angalia macho ya Powell kabla Loy hajamaliza sentensi: tayari yanajua kichekesho kinachokuja. Katika filamu ya kwanza yalikuwa hayajui, kwa kuwa mtu aliyesimama nyuma ya kamera hakumpa muda wa kujua.